Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Jiwe la Seline lilikuja Nairobi juu ya basi, limefungwa kamba katikati ya matenga ya kuku, na utingo aliyelishusha aliuliza kama ndani yake kuna mtu. Lilikuwa jiwe la kusagia, limeingia bonde katikati kwa mikono ya wanawake watatu waliolitumia kabla yake. Aliliweka kwenye pembe ya chumba chake kule Kawangware 46, kichwa kimeinuliwa kidogo, na mbele yake akakunjua ngozi ya mbuzi ya kupokea unga.

Mama mwenye ploti, Wagaki, ambaye wapangaji walimwita Mama Ng'ang'a, alikuja kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Na posho mill iko hapo tu kwa kona," alisema. "Unataka kutoboa simiti yangu bure."

"Unga wa mashine unatoka ukiwa moto, Mama Ng'ang'a. Uji wake hauna harufu."

"Harufu ya nini? Uji ni uji."

Lakini asubuhi za baridi, ile ya Julai inayokaa juu ya mabati mpaka saa nne, Wagaki alikuwa wa kwanza kutokea na kikombe chake cha bati. Alisema anapita tu.

Seline alipiga magoti kila alfajiri, akasaga wimbi, akaimba. Kwao jiwe haliendi kimya. Na kwao, yale mwanamke anayoyaimba juu ya jiwe hayajibiwi kwa mdomo. Anaweza kumwimba mume mlevi, shemeji mchoyo, hata mama mkwe ambaye mchana hathubutu kumtaja jina. Aliyeimbwa akisikia, atapita akienda zake kama aliyesikia mvumo wa jiwe tu. Akiwa na jibu, atangoja siku yake naye apige magoti asage. Nyumba nyingi zimesimama kwa sababu hiyo.

Wimbo wa Seline ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa mama mkwe.

Miaka minne nyuma, akiwa nyumbani kwa mumewe wakati wa kupanda, mtoto wake wa kwanza, Akinyi, alishikwa na homa akafa. Alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa. Jioni ya maziko Seline alikuwa ameketi ndani, mlango wazi, akamwona mama mkwe akivuka uwanja na kibuyu cha uji, kile chenye shingo ndefu na mshipi wa shanga. Akafika mlangoni. Akasimama. Uji ulikuwa umejaa mpaka ulikuwa unatoa povu shingoni. Halafu yule mama akageuka, bila neno, akarudi na kibuyu chake vilevile kwenye nyumba yake kubwa. Tangu hapo walisalimiana vizuri, walipelekeana sukari na samaki, na hawakuwahi kuliongea. Seline aliliimba. *Ulikuja na kibuyu, ukarudi nacho kimejaa, mimi nilikuwa na kiu ya nani?*

Mumewe, Oketch, alilala pale pale, hatua chache kutoka kwenye jiwe. Siku moja Seline alimuuliza kama husikia.

"Mimi husikia jiwe," Oketch alisema, akajifunika blanketi.

Oketch aliimba besi katika kwaya iliyofanyia mazoezi Kibera, na ndiye aliyemleta Mwalimu Kaloki, aliyeifundisha kwaya hiyo, nyumbani. Mwalimu alikuja asubuhi kuchukua gitaa lake, akasimama nje ya mabati muda mrefu hata Wagaki akamuuliza kama amepotea. Seline alipotoka na ungo, alimkuta amefumba macho.

"Huo wimbo ni wa nini, mama?"

Seline angemwambiaje? Ni mwanamume, tena Mkamba, na ni mambo ya jiwe.

"Ni wa mvua," alisema.

"Nilijua," Mwalimu akasema. "Nilisikia ikija kutoka mbali."

Kumbe yale maneno yalikuwa yamefungua mlango mkubwa. Mwaka huo wa sabini na tatu kulikuwa na mashindano ya nyimbo ya mataifa, katika mji mmoja wa ng'ambo wenye mto katikati, na Mwalimu alikuwa ameombwa kupeleka sauti moja. Akampeleka Seline mbele ya wakubwa, akaimba, wakakubali. Kila nchi ingeimba lugha yoyote inayotaka. Lakini Mwalimu alifikiria sana, akasema waamuzi ni wazungu watupu, afadhali mvua hiyo inyeshe kwa Kiingereza. Akaandika maneno mazuri ya mawingu na mashamba, akamfundisha neno kwa neno.

Seline alishukuru moyoni. Maana Mwalimu alikuwa amemwambia pia kwamba mashindano yatarekodiwa, na yatachezwa kwenye redio ya hapa nyumbani Jumapili itakayofuata. Kwa Kiingereza, mama mkwe angesikia sauti tu. Kwa Kijaluo angesikia kibuyu chake, na pamoja naye watu wote kutoka ziwani mpaka Mombasa. Jambo la jikoni lingekuwa la dunia. Mkwe aliyemwaibisha mama mkwe hivyo atarudi nyumba gani?

Shida ilikuwa moja. Kila alipoimba kwa Kiingereza, sauti ilisimama hapa kwenye koo. Ilikuwa safi, haikukosea, na ilikuwa kama maji ya kuoshea mchele.

"Unaogopa," Mwalimu alimwambia kwa upole.

"Sijui, Mwalimu. Hayo maneno hayasukumi."

Wiki ya safari, mama mkwe mwenyewe akaja. Mtoto wake hawezi kupikiwa na hoteli, alisema, na kile kibuyu cha shanga kilikuwa kwapani mwake. Na kwa kuwa kwao mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa, Wagaki akampa kitanda kwake. Wale wawili, mmoja Kiswahili chake cha kuokota sokoni na mwingine cha kugombana na wapangaji, wakaelewana siku ile ile.

"Nyar Seme, enda vizuri," mama mkwe alimwambia Seline, akimwita binti wa Seme, nchi ya kwao, kama ilivyo desturi. Alimshika mkono muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Imba tusikie."

Seline akainamisha macho.

Yale ya ndege hakuyakumbuka vizuri baadaye. Alikumbuka mawingu yakiwa chini, meupe kama unga uliomwagika kwenye ngozi, na akatamani kuyakusanya kwa kiganja. Alikumbuka mji wa mawe ambako hata mwanga ulikuwa na baridi, na kengele zilizolia moja ikimwachia nyingine. Alitembea humo kama mtu anayetembea ndani ya maji. Watu walimtabasamia, akawatabasamia.

Siku ya majaribio alikaa kwenye kiti chekundu, akamsikiliza mwanamke mmoja mnene kutoka nchi ya theluji, amevaa sketi ya sufu. Mwanamke yule aliimba kwa lugha ya kwao, ndogo, ambayo Mwalimu alisema hata majirani zao hawaisikii. Seline hakushika neno. Lakini akaona ng'ombe. Aliwaona wakitoka kwenye ukungu, wa mbele ana kengele, mmoja anachechemea nyuma, na mwanamke anamngojea huyo mmoja. Wimbo ulipokwisha Seline aligeuza kichwa kumtafuta yule ng'ombe wa nyuma.

"Anaita ng'ombe," alimnong'oneza Mwalimu.

Mwalimu akasoma karatasi yake. "Ndiyo. Umejuaje?"

Seline aliangalia jukwaa. Alikuwa anafikiria kwamba yule mama hakuwaimbia waamuzi. Aliwaimbia ng'ombe, na watu wengine wakaruhusiwa kusikia.

Zamu yake ilipofika, aliingia jukwaani na gauni lake la kitenge, taa zikamwangukia kama jua la saa saba. Mwalimu akaanza gitaa. Maneno ya Kiingereza yalikuwa tayari mdomoni, yamepangwa kama vikombe. Seline aliangalia giza lililokuwa mbele yake, na ndani ya giza akauona uwanja wa nyumbani, na mtu anauvuka jioni, amebeba kitu.

Akapiga magoti.

Watu wakanong'ona. Kijana wa vyombo akaja mbio, ameinama, akashusha kipaza sauti mpaka kwenye kidevu chake. Seline akaweka mikono miwili kwenye mbao za jukwaa, akasukuma, akarudi, akasukuma. Mbao zilikuwa laini. Zilipata joto. Pumzi ikarudi mahali pake, ikatoka na ule mguno mdogo wa mwanzo, na baada yake Kijaluo kikaja chenyewe. Mwalimu alitafuta noti zake mara mbili, halafu akalaza kiganja juu ya nyuzi, akaziacha zinyamaze.

Aliimba kibuyu chote. Shingo yake, shanga zake, povu lake. Alipofika mwisho, magoti yalikuwa yanamuuma, na kwa muda hakusikia kitu, akadhani wote wameondoka. Kisha makofi yakaja, kwanza pole pole, kama matone kwenye mabati.

Hakushinda. Aliyeshinda alikuwa kijana mwenye koti linalong'aa. Seline alipewa sahani ya kioo, na mwamuzi mmoja mwenye nywele nyeupe akamwambia, Mwalimu akitafsiri, kwamba kwao pia mvua ikichelewa wazee hulia hivyo.

"Hiyo mvua ilikuwa kubwa, mama," Mwalimu akasema walipobaki wawili. Alimwangalia kwa upande. Hakuuliza zaidi, na Seline anamheshimu kwa hilo mpaka leo.

Njia yote ya kurudi hakulala. Jumapili ilikuwa imeshapita.

Oketch alimpokea kiwanja cha ndege, akabeba sanduku. Kwenye basi alizungumza habari za mfereji uliopasuka.

"Redio mlisikia?" Seline aliuliza mwishowe.

"Mama Ng'ang'a aliiweka dirishani. Ploti yote ilikuwa hapo."

"Na mama?"

Oketch akaangalia nje. "Mimi nilisikia jiwe," alisema, lakini sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Wagaki ndiye aliyemwambia, akimvuta kando karibu na kamba za nguo.

"Huyu mama yenu, ulipoanza kuimba, aliweka kikombe chini. Nikamuuliza, inasema nini? Akaniambia ati ni mvua, vile redio ilisema. Mvua gani inaliza mtu? Tangu hiyo siku hajaongea. Hata chai anakunywa akiangalia ukuta."

Mama mkwe alimsalimia, akampa pole ya safari, akaenda zake kulala kwa Wagaki. Kibuyu hakikuwa mkononi mwake. Seline alilala akingoja kuambiwa asubuhi kwamba mama anarudi nyumbani, na kwamba yeye asifuate.

Alfajiri alisikia jiwe. Kwanza alidhani ni ndoto, kwamba ni yeye anasaga na pia ni yeye amelala. Oketch alikuwa ametoka kutafuta kibarua, mlango uko wazi, ukungu umeingia mpaka kwenye kitanda. Pembeni, mgongo mwembamba ulikuwa ukienda na kurudi. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe la mkwe wake, anaimba kwa sauti iliyochakaa.

*Nilikuja na kibuyu, nyar Seme, nikafika mlangoni. Nikaona mikono yako haina kitu, imekaa vile imezoea kushika. Mimi nilizika watatu, na kila mara waliniletea uji, wakanambia kunywa. Uji ule ulinikaa kifuani mpaka leo. Nikasema, huyu simnyweshi. Nikarudi nacho kimejaa. Nilikosa neno, nyar Seme, nikabaki na uji.*

Unga wa wimbi ulidondoka kwenye ngozi, mwekundu, baridi, ukinukia udongo uliorowa. Seline hakujibu, maana halijibiwi. Alishuka kitandani, akapiga magoti upande wa pili, akaukusanya unga kwa kiganja kila ulipofika ukingoni, na mama mkwe akaimba tena tangu mwanzo, na tena, mpaka wimbi likaisha kwenye ungo.

Kisha Seline akawasha jiko, akakoroga uji, akautia ndani ya kile kibuyu. Kilikuwa kimening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Wakanywa wakipokezana, hawaangaliani.

"Harufu hiyo," Wagaki alisema mlangoni, kikombe mkononi. "Napita tu."

Wakammiminia. Kilichobaki mama mkwe akamsukumia Seline, akangoja amalize, halafu akachukua kibuyu, akakisuuza, akakiegemeza nje juani, mdomo chini, kikauke.