Mguu wa Fundi, Ulimi wa Redio

Harufu ya mashuka yaliyochemshwa haiwafurahishi watu wengi, lakini Redio akiipata, hata mlangoni pa jirani, husimama kidogo na kutabasamu peke yake mpaka mumewe amvute mkono. Humrudisha kwenye chumba kile cha juu ya dobi la hospitali, chenye mabenchi yanayoyumba na madirisha yaliyojaa mvuke, ambako yeye na wenzake walijifunza kazi ya kuwatetea wagonjwa. Chumba chenyewe sasa ni stoo ya magodoro. Sista aliyewafundisha ametangulia mbele ya haki, na wenzake wametawanyika, kila mmoja na lake. Redio anapakumbuka pale kwa uchungu mtamu, maana hajapata tena kucheka vile.

Jina lenyewe alilipatia humo humo. Alikuwa ameuza mitumba sokoni miaka mingi, na ulimi wake ulinolewa na wateja wabishi. Sista, muuguzi mstaafu, mfupi, asiyecheka ovyo, alikuwa na desturi yake: kila mwanafunzi lazima ageuzwe mgonjwa kwa asubuhi nzima. Unavalishwa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, unalazwa kwenye machela, na wenzako wanasimama juu yako wakikujadili kana kwamba haupo. Huruhusiwi kusema neno mpaka uulizwe wewe mwenyewe. Wapo walioteremka machelani wakilia. Redio alishindwa hata chai haijamiminwa. Aliinuka, akaushika mgongo wa gauni kwa mkono mmoja, akawaeleza wote ugonjwa wake wa kubuni, chanzo chake na dawa yake. Darasa lilicheka mpaka watu wa dobi wakagonga dari yao, na tangu siku hiyo akawa Redio. Sista alingoja wanyamaze, akasema kwamba zoezi lile halikuwa la kufundisha mtu kusema.

Redio hakulitia maanani. Kusema ndiko alikokuja nako, na mtetezi asiyesema, aliwaambia wenzake, ni kinu bila mchi.

Zamu yao ya kwenda wodini ilipofika, Redio alipewa mzee mmoja fundi cherehani, mtu wa maneno ya kuhesabika, ambaye kisukari kilikuwa kimemfanyia kidonda kibaya mguuni. Wote walimwita Fundi. Siku ya kwanza aliutazama upindo wa gauni la Redio, akamwambia kwamba aliyelishona alikuwa na haraka ya kwenda mahali. Redio akampenda hapo hapo.

Madaktari walitaka kuukata mguu chini ya goti. Binti yake Fundi, aliyekuwa akishinda pale tangu asubuhi mpaka wageni wafukuzwe, alimvuta Redio kando ya mlango.

"Dada, baba yangu ni fundi," alisema. "Cherehani yake ni ya miguu. Wakimkata wamemmaliza. Tusemee."

Ilikuwa ni kumpa mwendawazimu rungu. Raundi ya madaktari ilipofika kitandani, Redio alisema mpaka mwanafunzi wa udaktari akasahau kuandika. Alisema juu ya haki ya mgonjwa, juu ya riziki ya fundi, juu ya utu wa mtu na mwili wake. Daktari, mtu aliyechoka lakini muungwana, alimsikiliza hadi mwisho. Akakubali kuendelea kwa siku chache na dawa na kusafisha kidonda, ila akawaonya: uozo ukipanda, goti nalo litakwenda, na ukiingia kwenye damu hakutakuwa tena na cha kukata. Binti alimkumbatia Redio. Fundi aligeukia ukutani.

Redio alipanda ngazi za dobi kichwa kimevimba, akawasimulia wenzake tangu mwanzo, na pale palipohitaji chumvi akatia. Sista alisikiliza huku akikunja kitambaa.

"Yeye alisema nini?" akauliza.

"Binti yake aliniambia kwamba..."

"Nimekuuliza yeye."

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakikutoka kitu. Alikuwa amemtetea mtu ambaye hakumuuliza. Wenzake walitazama viatu vyao kwa huruma. Sista hakumgombeza. Alimwambia tu arudi chini kwa Fundi, na asimwombe maneno ya kwenda kusema.

Jioni ile alivuta kiti karibu na kitanda, akamwomba Fundi msamaha, akamuuliza anataka nini. Redio alikuwa na maneno tele mdomoni, akawa anayameza moja moja kama vidonge vichungu. Mzee alizungumzia vitambaa vya zamani visivyochuja. Alizungumzia bei ya uzi. Redio aliitikia tu.

"Mguu huu naunusa," Fundi alisema mwishowe. "Si wangu tena. Asubuhi ile nilikuwa nimejiandaa kukubali. Nilikuwa natafuta namna ya kusema, binti yangu asije akadhani nimekata tamaa. Ukanitangulia."

Aibu ilimshika Redio mpaka masikio yakamwaka. Aliuliza kama amsemee kwa daktari sasa hivi. Fundi alikataa. Neno lile ni lake, na binti atalisikia kutoka kwake. Alichotaka ni nafasi.

Asubuhi Fundi alikuwa ameamka na homa, na uvimbe ulikuwa umepanda. Raundi ilipofika, daktari aliuliza mgonjwa anaendeleaje, na binti, kama kawaida, alijibu kwamba baba ana nafuu. Redio akamshika mkono.

"Daktari, Fundi ana neno," alisema, akafunga mdomo.

Mkokoteni wa chai ulipita ukilia magurudumu. Daktari alihamisha faili kutoka kwapa hili hadi lile. Mara mbili binti alivuta pumzi ili aseme, na mara mbili Redio alimbana vidole. Hata leo anasema hajapata kufanya kazi ngumu kama ile, na gunia la mitumba amelibeba kichwani.

"Ukateni," Fundi alisema. "Leo, kama inawezekana." Kisha akamgeukia binti yake. "Cherehani za mkono zipo, mwanangu. Mimi nataka kuishi."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akamwagiza muuguzi kuandaa chumba cha upasuaji. Binti alipiga magoti kando ya kitanda, akalia pasipo kujificha.

"Kwa nini hukuniambia, baba? Nashinda hapa na wewe kila siku."

Fundi alimwekea mkono kichwani, akafikiri kidogo, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Nilikuwa nasubiri unyamaze," alisema kwa upole.

Redio, aliyekuwa bado ameushika mkono wa binti, hakuona pa kuyaweka macho yake.