Fisi wa Baba

...na si simba, alikuwa fisi, ilikuwa Jumatano, nilikuwa kidato cha pili, kalamu yangu imesimama kwenye "marehemu Mwigulu alizaliwa Kishapu" na mdogo wangu Klara anapaza sauti kutoka jikoni, dada, kwenye wasifu usiache ile ya simba, watu wacheke kidogo kabla hatujamzika baba, simba, kila msiba mnyama anakua, msiba wa shangazi alikuwa chui, fisi, aliyetoroka bustani ya wanyama hapa Kahama kwa sababu baba, mlishaji wake, alisahau komeo, hilo halisemwi, akapita mtaani na ndoo ya mifupa akiuliza, jamani, hamjamwona fisi wangu, Msukuma mzima anauliza fisi wangu, wakati hata mtoto anajua kwamba mwenye fisi ni mchawi, humpanda usiku, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, hapo ndipo wote hucheka, nami hucheka, baba tu ndiye aliyekuwa akiinuka na kutoka nje, nikadhani ni aibu ya komeo... lakini fisi alikuwa amelala jikoni kwa bibi Nyamizi, mama yake baba, kwenye majivu ya moto, na bibi macho mekundu kwa miaka ya kupikia mavi ya ng'ombe, macho ambayo mtaani huitwa ya mchawi, na watu wameshajaa uani na fimbo, jirani yetu Ngusa mbele, bibi, fisi huyu wa nani, mimi nimeshika kanga yake, baba akajipenyeza na ndoo yake, ni wangu, namlisha mimi, Ngusa akamuuliza, na kumpanda unampanda, baba akasema, mgongo wenyewe umeteremka hivyo, nitakaa wapi, mmoja akacheka, wakacheka wote, fimbo zikashuka, fisi akafuata mifupa... ni wangu, mara ya kwanza, mtaani, neno lilimtoka tu, lakini mara ya pili, mara ya pili mbele ya fimbo alikuwa ameshaona milango inavyofungwa, alijua anachosema na anawaambia akina nani, miaka yote hii nahifadhi tarehe na hilo sikuliona, umeweka, dada, anauliza Klara, naweka, nasema, Ngusa yuko nje chini ya turubai, ameleta kuni, bibi yuko mkekani, wote watasikia, nitaandika fisi, nitaandika komeo, nitaandika jikoni kwa mama yake, na fimbo, nilizihesabu, zilikuwa kumi na moja, kalamu bado iko Kishapu...