Saa Iliyozuiwa Pumzi

Nilitia mkono kwenye debe la mchele nipime wa mchana, vidole vikagusa kitu chenye unyevu. Nikadhani panya. Nilipokivuta ukatoka mkanda wa ngozi uliovimba kama ulimi, punje zimeugandia pamoja na vinyweleo vya mkono wa mtu. Mate yakanijaa mdomoni, na si yale ya hamu.

Ilikuwa saa ya Mzee, mume wangu.

"Nani kaweka uchafu huu kwenye chakula cha watu?"

Mkwe wangu akatokea mlangoni na kijiti chake cha meno mdomoni. Huyu ni mume wa binti yangu, tunakaa naye nyumba moja, na tunamwita Najua, maana huwezi kumwambia kitu asikwambie hivyo.

"Mama, mchele unanyonya maji. Mimi najua. Iache humo mpaka kesho."

"Na maji yameingiaje kwenye saa?"

Akatazama dari. Binti yangu ndiye aliyemchongea. Jana jioni Najua alikuwa na rafiki zake, akawaambia saa za zamani haziingii maji. Mzee alipokuwa amesinzia akamvua saa, akaichovya kwenye ndoo.

"Ndoo ipi?"

"Ya kunywa, mama," binti akajibu.

Jamani! Saa iliyolala kwenye jasho la mtu miaka na miaka, na sisi tumeamka tumekunywa maji yake! Niliimwaga ndoo, nikaisugua kwa majivu, kisha nikausugua na ulimi wangu mpaka ukawasha. Mchele nikawamwagia kuku. Hata wao niliwaonea huruma.

Lakini la Mzee ndilo lililoniumiza. Mzee haoni tena. Saa hiyo huiweka sikioni, akaisikiliza, na akishaisikia ndipo anakula, ndipo analala. Nikampelekea uji wake, akausukuma.

"Niletee saa kwanza."

"Imelowa kidogo, Mzee. Itapona."

"Kama haiendi, mimi nakaa hapa nasubiri nini?"

Hakunywa uji. Nikaifunga saa kwenye kitambaa, nikaenda kwa fundi.

Fundi ana meza yake ya kioo pembeni mwa barabara, juu ya mtaro. Akabana lenzi jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma, akarudisha kichwa nyuma ghafla.

"Bibi, mlikuwa mnapikia hii?"

Harufu ilinifikia na mimi: ya kitambaa cha vyombo kilichosahaulika kwenye maji. Ndani kulikuwa na utando wa kijani, na ukingoni tope jeusi kama lile la kwenye kucha za miguu. Akalichokoa kwa sindano, likavutika. Likavutika! Nikageukia mtaroni nikatema.

"Hili ni sabuni na ngozi ya mtu," akasema. "Si la jana hili. Jana mmemalizia tu. Na huu mpira mwembamba unaozuia maji umekwisha, tazama unavyokatika. Halafu hiki kitufe cha pembeni nimekikuta kimevutwa nje. Kikiwa nje, mlango uko wazi. Nani alikivuta?"

"Mkwe wangu. Nani mwingine?"

"Mwambie mchele ni wa kula. Umeingiza unga tu humu. Saa ikilowa, leteni siku hiyo hiyo, kabla ya kutu. Niachie nijaribu. Siahidi."

Nyumbani nilimkuta Najua amekaa kibarazani, anajikuna. Nikayamwaga yote. Akaapa kwa mama yake na kwa baba yake kwamba kitufe hakukigusa.

"Nilichovya, mama, hilo nakubali. Kuvuta sikuvuta!"

"Usiniapie na kijiti mdomoni."

Mzee aliyasikia yote kutoka chumbani. Jioni Najua alipokuja kumbeba kumpeleka bafuni, kama afanyavyo kila siku kwa vile mimi mgongo wangu hauwezi, Mzee akaukaza mwili.

"Asiniguse. Ameniulia saa."

Basi nikamkokota mwenyewe. Alikuwa mwepesi kwa kutokula, na bado mgongo ulinilia. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikachota maji. Kabla sijammwagia, nikaona vidole vyake vya kulia vinaujia mkono wa kushoto mtupu, vinabana hewa pale saa inapokaa, vinavuta.

Kopo likabaki juu.

"Unafanya nini, Mzee?"

"Ah, nimesahau haipo. Naizuia pumzi."

"Unaizuia nini?"

"Pumzi. Saa inayokwenda inavuta pumzi. Ukiiingiza kwenye maji huku inavuta pumzi, itakunywa. Kwa hiyo naisimamisha kwanza, tukimaliza naiachia. Jana tu nilipitiwa na usingizi kabla sijaiachia. Wewe ulidhani imedumu vipi?"

Nikayatazama maji chini ya miguu yake: ya kijivu, yenye povu na magamba ya ngozi. Nikayaona yakiingia mle ndani kila jioni kwa mlango alioyafungulia mwenyewe. Nikameza, nikamweleza taratibu, huku namsugua mgongo.

Nikamfuta masikio.

"Kwa hiyo nimeizamisha mimi."

"Wewe na huyo wa ndoo. Mmesaidiana."

Akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Mwite huyo mchafu anibebe, wewe utanivunja."

Nilimwita. Nikamwambia, "Kitufe hukukivuta, baba. Nisamehe hilo. La ndoo bado." Usiku ule Mzee alikula nusu sahani, kwa mkono wa Najua. Nami nikatazama pembeni, maana kucha zile nazijua.

Saa ilirudi na mpira mpya, kioo cheupe, mkanda mpya. Inachelewa kidogo, lakini inapiga. Sasa kabla ya kuoga Mzee anaivua. Hampi mtu mwingine ila Najua, anayesimama nje ya mlango wa bafu akiishika.

"Inakwenda?" Mzee anapaza sauti kwenye povu.

"Inakwenda, baba. Najua."

Juzi nilichungulia nione anajuaje. Ameibana sikioni kwake, sikio lile analolichokoa kwa kijiti kile kile cha meno, amefumba macho, anaisikiliza.

Nilisubiri Mzee atoke, nikaichukua, nikaifuta kwa kitambaa kikavu pande zote mbili, ndipo nikamvisha.