Injini ya Mke wa Fundi Saa

Gari lilipoanza kutoa moshi wa bluu, Mama Klachi alidhani ni ukungu. Ulikuwa msimu wake, na barabara ya nyuma ya uwanja, alikozoea kufundishia watu udereva, ilikuwa imezama ndani ya weupe. Mwanafunzi wake wa asubuhi hiyo, mpishi wa hoteli aliyeshika usukani kama sufuria ya moto, alitazama kiooni akasema, "Mwalimu, mbona tunaacha wingu nyuma?"

Mama Klachi akageuka. Wingu lilikuwa lao kweli, na lilinuka oili iliyoungua.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu ya wimbo wake wa kila siku: klachi, mama, klachi, klachi, baba, klachi. Nusu ya madereva wa mtaa ule walipitia mikononi mwake, wote ndani ya gari lile lile la kijivu. Mumewe alipohamia kwa mwanamke mwingine, gari ndilo lililosomesha watoto. Hata siku zisizo na kazi alipenda kukaa ndani yake, injini ikiunguruma taratibu, mawazo yakienda yanakotaka. Hakuliita gari. Aliliita "mwenzangu".

Mwenzake akapelekwa gereji. Fundi alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtu mnene, mpole, aliyeinamia injini kama anayesikiliza mtoto akieleza panapomuuma. Alipima, akapima tena, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Shemeji, nikufiche nini? Mgonjwa wetu anakunywa oili kuliko petroli. Ringi za pistoni zimekwisha, silinda zimelika."

"Sasa tufanyeje?"

"Njia ni mbili. Tuishushe, tuifungue yote, tuchonge silinda, tutie pistoni na beringi mpya, tuisuke upya. Itakuwa ile ile yako, ila imezaliwa mara ya pili. Lakini spea zake siku hizi zinatafutwa kwa tochi, na kwa mchongaji kuna foleni. Msimu mzima utatembea kwa miguu."

"Na ya pili?"

"Tuing'oe, tuweke nyingine ya aina hiyo hiyo, iliyotoka kwenye gari lililokufa. Hiyo ni kazi ya siku chache. Ila injini iliyotumika ni kama mchumba wa kwenye picha. Tabia zake utazijua mkishakaa pamoja."

Mdogo wake, aliyekuwa akimimina chai, akadakia, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

"Usiache mbachao kwa msala upitao," Mama Klachi akajibu.

"Mbachao wenyewe unatoa moshi, dada."

Wakacheka wote, lakini Mama Klachi alirudi nyumbani bila jibu. Mchana ule alijilaza kidogo, pazia likipumua dirishani, na usingizi ukamchukua bila kuaga. Alisikia gari lake likipita nje ya ukuta, likipanda mlima ambao mtaani kwao haupo, na ndani yake watu aliowahi kuwafundisha wakiongea wote kwa pamoja kwa sauti za chini. Alipoamka, hakuweza kukumbuka walikuwa wakisema nini. Alivaa viatu akaenda kuitazama hiyo nyingine, ambayo shemeji alikwisha kumuulizia.

Uwanja wa injini ulikuwa nyuma ya ghala kuukuu. Zilipangwa juu ya mbao chini ya bati lililotoboka, zimefunikwa maturubai, zimetulia kama ng'ombe waliolala. Miale ya jua ilishuka kupitia matundu, vumbi likielea ndani yake. Muuzaji, mtu mwembamba waliyemwita Chuma, aliinua kidole midomoni.

"Ngoja kidogo, mama. Kuna mtu anasikiliza."

Injini moja ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya chuma, na betri chini yake na kidumu cha petroli pembeni. Mbele yake, kwenye kigoda, alikaa mwanamume wa makamo mwenye sweta safi na lenzi ndogo ya kukuzia iliyoning'inia shingoni. Chuma aliiwasha. Injini ikashika mara moja, ikatulia kwenye mngurumo laini, wa chini, ambao mtu angeweza kuulalia. Yule bwana akafumba macho. Hakuyafumbua mpaka ilipozimwa.

"Ndiyo hiyo unayoitaka," Chuma akamnong'oneza Mama Klachi.

Yule bwana alisikia. Akasimama, akampisha kigoda kwa adabu.

"Karibu, dada. Mimi ni fundi saa tu, sina gari. Injini hii ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa akinipeleka dukani kila asubuhi. Alipofariki, gari likabaki uani, kwa kuwa mimi sijui kuendesha. Kisha mvua ikaangusha ukuta juu yake. Nikaliuza kama chuma chakavu, nikadhani yamekwisha."

"Hayakwisha."

"Hayakwisha. Nyumba ilikuwa kimya mno. Sasa napita hapa, na huyu ndugu ananivumilia."

Mama Klachi alikaa kwenye kile kigoda. Bado kilikuwa na joto. Mlio ule ulikuwa umemwingia kifuani. Lakini kilichomsumbua zaidi ni fremu ile iliyofungwa kwenye saruji. Injini nzima, yenye nguvu zote hizo, na haikuwa ikienda popote. Akajiona mwenyewe msimu mzima kwenye benchi la shemeji yake, akingoja mlio anaoujua urudi, na wanafunzi wake wakizeeka bila leseni.

"Nikiichukua itakuwaje?" akamuuliza fundi saa.

Fundi saa akaigeuza lenzi yake shingoni. "Usiichukue kwa ajili yangu, wala usiiache kwa ajili yangu. Ila ukishaiweka, nipitie siku moja."

Shemeji alikuja, akaipima, akachungulia oili yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakakubaliana na Chuma. Siku ya kuing'oa ile ya zamani, Mama Klachi alisimama kando. Mnyororo ukakazwa, injini ikainuka polepole kutoka mahali pake, ikaning'inia ikizunguka, nyeusi, ikidondosha matone. Kupitia shimo la boneti aliiona ardhi. Aliinua mkono akaigusa, akashangaa ilivyokuwa baridi.

"Nikuhifadhie?" shemeji aliuliza.

"Hapana. Kuna mtu anatafuta spea za hizi kwa tochi. Mpe."

Alirudi kwenye uwanja wake wa kufundishia akijiamini, wanafunzi wamejipanga. Injini mpya ilikuwa kimya hata hakujua kama imewaka, na mguu wake wa kushoto bado ulikuwa na mazoea ya ile nyingine. Akaachia klachi, gari likaruka kama chura, likazima.

"Klachi, mama, klachi!" mpishi akapaza sauti, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Klachi alicheka mpaka akafuta machozi.

Asubuhi moja ya ukungu alimpitia fundi saa nyumbani kwake. Alikuwa amenyoa, amevaa koti, kama anayekwenda kuposa. Akaketi mbele, upande wa abiria. Mama Klachi akawasha. Nje, kuta na miti vilikuwa vimeyeyuka. Kulikuwa na gari tu, na mlio wake.

Fundi saa alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Si yeye," alisema hatimaye.

"Samahani, ndugu yangu. Ekzosi ni nyingine, bodi ni nyingine..."

"Usiniombe radhi." Alikuwa akilia, na uso wake umefunguka. "Nilidhani sauti yake imebaki ndani ya chuma. Kumbe lilikuwa gari lile lote, na yeye ndani, na dirisha aliloliacha wazi hata kwenye baridi." Akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo. "Hii ni injini tu. Nzuri, lakini injini tu."

Baadaye mguu wa fundi saa uligusa kitu sakafuni.

"Na hiki nini?"

"Breki yangu. Nikifundisha nakaa hapo ulipo wewe."

"Kumbe hapa hukaa anayejua?"

"Ndiyo."

"Basi nimekaa pasiponihusu. Tubadilishane."

Wakabadilishana. Fundi saa alizimisha gari, akaliwasha, akalizimisha tena. Kisha likasogea, taratibu kama anayetembea usingizini, likaingia ndani ya weupe. Mama Klachi aliweka mguu juu ya breki lakini hakuikanyaga. Walipita kona, wakapita ukuta mrefu, wakapita mlango wa kijani wenye kufuli, juu yake bango la saa.

"Kaka," akasema kwa upole, "duka lako lile tumelipita."

Fundi saa hakugeuza kichwa. Alikuwa akitazama mbele, mikono yote miwili usukanini.

"Sikulitambua," alisema. "Kutoka upande huu wa usukani, sikulitambua kabisa."

Na akaendelea kuendesha.