Mashine Iliyokuwa Bado Melini

Jumamosi saa tisa na robo alasiri, fundi cherehani alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake akipima, kwa mara ya nne wiki hiyo, nafasi ambayo mashine ya santuri ingekaa. Alipimia tepu ileile ya kupimia viuno vya wateja. Kipande cha marumaru, kilichobaki jikoni kwa rafiki yake Daktari wa Meno, kilikuwa kimelazwa juu ya meza fupi ya mbao nzito. Juu ya marumaru kulikuwa na pimamaji, na kiputo chake kilikuwa katikati kabisa. Kilikuwa katikati Jumanne na Alhamisi pia, lakini Fundi hakuwa mtu wa kuamini kiputo.

“Sentimita arobaini na sita,” alisema.

“Juzi pia zilikuwa arobaini na sita,” alijibu dada yake kutoka chumba cha pili, alikokuwa akipiga pasi suruali.

“Nahakikisha tu, dada.”

Walikuwa watatu waliokuwa wakiingojea mashine hiyo: Fundi, Daktari wa Meno na Mtangazaji wa redio, ambao kwa miaka kumi na moja walikuwa wakikutana sebuleni hapo kila Jumamosi kusikiliza santuri. Waliyokuwa nayo zamani ilizungushwa kwa mkanda wa mpira, na mkanda ukilegea mwimbaji alilegea naye. Mpya haikuwa na mkanda. Mota yake ilikaa chini ya sahani inayobeba santuri na kuizungusha moja kwa moja, na kiwanda kiliahidi kwamba haingeyumba hata kidogo. Walichangishana, wakaagiza, na tangu siku hiyo hawakuwa na akili timamu.

Daktari aliwasimulia wagonjwa habari za mota wakiwa wamefumbua vinywa na hawana la kujibu. Mtangazaji alizijua tabia za meli iliyoibeba kama mtu anavyozijua tabia za shemeji yake. Fundi alishona kifuniko cha mahameli, akakifumua, akakishona upya kwa uzi wa rangi nyingine. Dada aliyatazama yote hayo akaipa mashine jina la Bibi Harusi.

“Bibi harusi wenu yuko wapi leo?” aliuliza akileta chai, wale wawili walipokuwa wameshafika.

“Ameshavuka mkondo, dada,” alisema Mtangazaji akiangalia simu. “Wiki tatu tu.”

“Mtakuwa mmekufa kwa kiherehere.”

Daktari alikuwa amekuja na santuri mpya kifuani. Aliitoa kwenye jalada lake, akaishika kingo kwa viganja, akaipeleka juu ya marumaru ili waone tu itakavyopendeza. Kisha akaiachia. Santuri haikuanguka. Ilibaki hewani, kimo cha vidole vinne juu ya jiwe, ikaanza kuzunguka.

Mtangazaji alitazama saa yake dakika nzima.

“Mizunguko thelathini na tatu na theluthi,” alisema. “Kasi iko sawasawa.”

“Na sindano je?” aliuliza Fundi.

“Sindano iko melini.”

Muziki ulianza kutoka kwenye spika za mashine ya zamani. Daktari alivua viatu, maana alisema miguu yake inataka kusikia, na wenzake wakavua vyao. Sauti haikuyumba. Walisikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi, mpiga ngoma akimeza mate, na mvua iliyonyesha juu ya paa la studio siku ya kurekodi, mvua ya miaka mingi iliyopita. Walicheka bila sababu. Walisikiliza santuri saba, na chai ikapoa bila kuguswa.

Ya nane ilikuwa wimbo ule unaopigwa kwenye harusi za watu wote. Ulikuwa wa Kiongozi wa bendi, kama jalada lilivyosema kwa herufi kubwa: mtunzi Kiongozi, mwimbaji Kiongozi. Shule ya muziki ilikuwa imepewa jina lake, na Mtangazaji aliupiga kila Ijumaa jioni kwenye kipindi chake. Fundi aliuachia juu ya marumaru.

Mahali ambapo mashine nyingine zilikuwa zikikwaruza kabla ya gitaa la kwanza, ilisikika sauti ya msichana.

“Usikimbie, kaka. Ukifika kwenye ‘nisubiri’ ushuke, halafu unyamaze kidogo. Nilivyoutunga haukimbii.”

“Nishuke wapi?” iliuliza sauti ya mwanamume, na ilikuwa ya Kiongozi, akiwa kijana.

Msichana alimwimbia mstari. Aliimba taratibu, na vikombe vikatulia kwenye sinia.

“Nimeshika,” alisema Kiongozi. “Haya toka sasa, wasikusikie.”

Mlango ulifungwa, na gitaa likaanza.

“Umeusikia ule mlango?” alisema Daktari. “Mbao nzito. Mninga, au kitu kama hicho. Hebu turudie.”

Waliurudia mara tatu kwa ajili ya mlango. Mara ya nne walimwona Dada amesimama kwenye kizingiti na pasi mkononi.

“Ule mlango ulikuwa wa bati,” alisema.

“Umejuaje, dada?”

“Niliufunga mimi.”

Fundi aliiondoa santuri hewani, maana hakuna mtu ambaye angeweza kumsikiliza Dada wakati inazunguka. Dada aliweka pasi sakafuni na kuketi. Alikuwa na miaka ishirini wakati huo, alisema, akifagia studio. Wimbo aliutunga akifagia. Kiongozi aliusikia akamwomba amfundishe, na alimfundisha siku mbili. Aliambiwa arudi Jumatatu kuurekodi kwa sauti yake. Jumatatu alikuta mlango una kufuli, na alipokuwa akirudi nyumbani aliusikia wimbo dukani, ukitoka kwenye redio.

“Mbona hukusema?” aliuliza Fundi.

“Nilisema. Wewe ulikuwa unajifunza kutembea. Baba aliniambia niache kelele, watu wanasikiliza redio.”

Fundi alitazama mikono yake. Yeye mwenyewe alioa kwa wimbo huo. Siku hiyo aliomba urudiwe mara nne, na Dada alikuwa jikoni akigawa sahani.

“Ni wimbo mzuri, dada,” alisema.

“Najua.”

Mtangazaji alisimama bila viatu. Alisema Ijumaa hiyohiyo angetangaza ukweli. Lakini kituoni matangazo yote ya nyimbo yalisomwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa mikononi mwa Mkuu wa Vipindi. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata Mtangazaji alimleta Mkuu, mtu mnene mwenye adabu, akiwa na faili kwapani. Walimkalisha kwenye kiti kizuri na kuiachia santuri hewani.

Mkuu aliitazama ikizunguka, akasogeza kiti ili asikie vizuri. Alimsikia msichana, alimsikia Kiongozi, alisikia bati likifungwa. Alitoa leso akajifuta macho. Kisha alimpa Dada mkono kwa mikono yake miwili.

“Umetutendea wema mkubwa, mama,” alisema. “Sauti ni safi sana. Sasa, nikiandika ripoti, niseme imesikika kwenye mashine gani?”

“Hiyo inayokuja,” alisema Daktari.

“Imefika?”

“Bado iko melini.”

Mkuu alifikiri. “Siwezi kuandika kwamba nimeisikia kwenye mashine ambayo haijafika. Ikifika, niiteni. Nitakuja siku hiyohiyo.”

Wote walikubali kwamba huo ulikuwa utaratibu. Ijumaa Mtangazaji alisoma karatasi kama ilivyoandikwa, akakohoa mara mbili, basi.

Baada ya hapo kiherehere kiliongezeka, maana sasa waliingoja mashine kwa sababu mbili. Dada naye aliambukizwa. Aliuliza habari za meli kabla hajasalimia. Alipiga pasi mashati ya Daktari bila kuombwa. Alhamisi moja alionekana akikiangalia kiputo.

Mashine ilifika siku ya Jumatatu ndani ya sanduku lililokuwa ndani ya sanduku lililokuwa ndani ya sanduku. Daktari alifunga kliniki, Mtangazaji aliomba ruhusa, na Mkuu wa Vipindi alikuja na faili lake kama alivyoahidi. Ilikuwa nzito kama ndama. Waliibeba wanne, wakahimizana kwa kunong’ona, wakaitua juu ya marumaru, na ikatosha na kubakiza nafasi ya kidole kila upande. Fundi alibusu tepu yake. Daktari alifunga sindano kwa koleo zake za kazini, akiinama kama anavyoinamia jino la mtu.

Waliweka wimbo. Sahani ilizunguka bila kuyumba hata kidogo. Sindano ilishuka. Mahali alipokuwa msichana palikuwa na ukimya, ukimya safi, usio na mkwaruzo wala vumbi, na baada yake gitaa.

“Maishani mwangu sijasikia ukimya kama huo,” alisema Daktari kwa sauti ya chini.

Waliurudia. Ukimya ulikuwa vilevile. Mkuu aliandika mstari mmoja kwenye faili.

“Tuiondoe mashine,” alisema Fundi. “Tuweke santuri peke yake, kama mwanzo.”

“Hilo halina namba ya kiwandani ya kuandika kwenye ripoti,” alisema Mkuu kwa upole. “Nisamehe, mama. Ningependa sana.”

“Mimi nimemsikia yule msichana,” alisema Dada. “Nilidhani nimeshaisahau sauti yake.”

Alimwambia Fundi asiisumbue mashine, maana wameingoja mno. Jioni akitaka, alisema, ataiachia santuri juu ya meza yake ya kupigia pasi. Alikuwa ameshajaribu, na ilizunguka vizuri tu.

Kisha Daktari, ambaye hakuwa na jinsi ya kutulia, alimwomba Dada wacheze. Fundi aliusogeza mkeka, akaurudisha wimbo mwanzo. Sauti ilijaa sebuleni mpaka ikatoka barabarani, na watu wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Mkuu aliweka faili juu ya kochi, akavua viatu, akajiunga na wenzake. Walicheza wote watano, wakigongana viwiko na kucheka kama watoto waliofungiwa nje ya darasa, na Dada alicheza kuwashinda, kwa kuwa yeye alijua kila mahali wimbo unapokwenda.

Kiongozi alifika kwenye ‘nisubiri’. Alikimbia, kama alivyokuwa akikimbia kwa miaka yote. Dada alishuka, akatulia kidogo, kama alivyoutunga. Wale wanne walikuwa wameshapita pamoja na Kiongozi.