Vitobo vya Sufuria ya Biubwa

Mardhiya aliikuta mikeka ya ghalani imelowa maji ya ndimu. Alipoinua sufuria ya mama mkwe wake, Biubwa, achari aliyoitengeneza kwa harusi ya wifi yake ilikuwa kavu, maji yote yamevujia chini.

Sufuria ile haikuwa ya mchezo. Mumewe Mikidadi, fundi wa mitambo melini, ndiye aliyemletea mama yake kutoka Ulaya kwa Waingereza: chuma cheupe kisichoshika kutu. Mtaa mzima wa Bagamoyo ulikuja kukitazama.

Biubwa alipapasa kitako, akakuta vitobo kama vya sindano.

"Umeitoboa kwa msumari. Umenionea choyo tangu nilipopewa."

"Wallahi, mama, sikuigusa ila kwa mkono na kitambaa."

"Chuma hakijitoboi! Mumeo akirudi, ataamua kama unakaa au unarudi kwenu Pangani."

Habari zikafika kwa majirani. Kila Mardhiya alipokwenda kisimani, mazungumzo yalikatika.

Mikidadi aliporudi alisikiliza pande zote mbili, kisha akaitoa sufuria uani penye mwanga. Ndani yake mlikuwa na madoa ya kahawia, madogo kama mbegu za ufuta.

"Mama, naomba sindano."

"Usimtetee mkeo."

"Basi choma mwenyewe, hapa kwenye doa ambalo halijatoboka."

Biubwa akachoma. Ncha ikazama, akaizungusha. Ndani ya doa mlikuwa na kishimo kipana kuliko mlango wake. Akapapasa upande wa nje. Laini, hapana kovu.

"Msumari ungekibonyeza chuma," alisema Mikidadi. "Hii ni chumvi ya achari. Hata melini tumeyaona haya. Ikitulia siku nyingi pamoja na ukali wa ndimu, hupata pa kuingilia, ikachimba chini kwa chini."

Biubwa akaketi kwenye kibao.

"Na aliyemwambia atie achari humo ni mimi," alisema polepole, akamgeukia Mardhiya. "Mwanangu, nimekudhulumu. Niwie radhi."

Mardhiya alitaka kusema yamekwisha, kikatoka kilio, na baada ya kilio kicheko.

Mama mkwe hakungoja. Alijitanda buibui akavuka njia hadi barazani kwa jirani yao Chausiku, walikokaa wanawake wa mtaa.

"Sikilizeni nyote!" sauti yake ikafika hadi uani. "Mkwe wangu hana kosa. Nilimsingizia, na atakayemnyooshea kidole atanikuta mimi."

Mardhiya akaegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu.