Chetezo Mlangoni mwa Gari

Mimi ni mwoga. Neno hilo silionei haya tena, maana mke wangu Adija alishawatangazia majirani wote wa Njoro kwamba kaolewa na mwanamume anayeruka akisikia sufuria limeanguka. Basi taa ya njano ya injini ilipowaka nikitoka Holili, wiki ya harusi ya binti yetu Maulida, nilisimama pembeni, nikashuka, nikalizunguka gari nikitafuta moto. Hakukuwa na moto. Kulikuwa na harufu ya petroli tu, hafifu, upande wa nyuma.

Fundi wangu Yusuph aliunganisha mashine yake ya kupimia, akasema kuna mahali mvuke wa petroli unavuja, ama kwenye tenki ama kwenye mipira yake. Akakaza mfuniko wa kujazia mafuta, akaizima taa.

"Mara nyingi ni mfuniko tu, mzee. Nenda kalale."

Sikulala vizuri. Asubuhi ya harusi taa ikawaka tena, nikalirudisha gari gereji huku Adija akinifokea kwamba hilo ndilo litakalompeleka bibi harusi Tarakea na bado halijapambwa.

"Tena linanuka," alisema. "Mwanangu hafiki kwa wakwe ananuka kama mtu wa sheli."

Safari hii Yusuph hakubahatisha. Alichomeka mpira kwenye njia ya mvuke, akapuliza moshi mweupe kwa mashine, tukangoja kuona utatokea wapi. Mimi nilichungulia chini ya gari. Yeye alichungulia ndani, kisha akaniita kwa sauti ya chini. Moshi ulikuwa unapanda taratibu kutoka kwenye kiti cha nyuma, pale pale anapokaa abiria. Alipokinyanyua kile kiti tukaona raba ya pampu, juu ya tenki, imepasuka.

"Mvuke unaingia humu," alisema. "Ukipandisha vioo, unajaa. Na mzee, kinacholipuka ni huo mvuke. Cheche moja tu inatosha."

Niliogopa, sifichi. Nikajituliza kwamba mimi sivuti sigara, na gari liko kwa fundi. Yusuph akarudishia kiti, akaacha milango wazi, tukapanda pikipiki yake kwenda kutafuta raba mpya kwenye maduka ya spea.

Tuliporudi, gari halikuwepo.

"Shemeji yako Shakiru kalichukua, alikuja na ufunguo wa akiba," alisema fundi wa gereji ya jirani. "Kasema kina mama wanalingoja. Kaona kiti kimerudishwa, akajua kazi imeisha."

Shakiru ni mdogo wake Adija, mtu wa haraka siku zote. Nikawaza, atalifikisha nyumbani, watalifunga riboni, hakuna neno. Ndipo nikakumbuka kwamba linanuka. Adija akiona kitu kinanuka hufanya kama mama yake alivyomfundisha: huwasha mkaa kwenye chetezo, hutia udi, hufunga kila upenyo ili moshi ushike. Na leo kulikuwa na bibi harusi wa kufukizwa pia.

Nilipiga simu ya Adija. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga ya Shakiru, vilevile. Kwetu ngoma zilikuwa zimeanza tangu saa tatu, nani angesikia simu? Nilimgeukia Yusuph nikakuta neno moja tu kinywani, "udi," na yeye akaelewa, maana uso wake ulibadilika. Njia nzima, nyuma ya pikipiki yake, masikio yangu yalikuwa yakingoja mlipuko. Kila lori lililobamiza shimo nilijua ndio huo tayari. Niliomba dua nusunusu, sikumbuki hata moja niliyoimaliza.

Gari lilikuwa mbele ya nyumba, juani, vioo vyote vimepandishwa. Maulida alikuwa ameketi kiti cha nyuma na shela lake. Adija alikuwa anatoka na chetezo, anapepea makaa, cheche zinaruka, wanawake nyuma yake wanapiga vigelegele. Akakishika chetezo kwa mkono mmoja, kwenye mpini wake, ili apate mkono wa kufungulia mlango.

Kupiga kelele kusingesaidia kwa vigelegele vile. Nilikimbia, nikakipokonya kile chetezo kwa mikono miwili, nikaenda nacho mbio hadi nyuma ya nyumba, nikakitumbukiza kwenye beseni la maji ya vyombo. Viganja vilikuwa vimeshababuka na sikuwa na habari.

"Baba Maulida, umerukwa na akili?" Adija alikuwa ananifuata.

Nilirudi, nikafungua milango yote, nikamshika binti yangu kiwiko nikamtoa. Harufu ilitoka pamoja naye, nzito, hata wanawake wakasogea nyuma na vigelegele vikaisha.

"Baba, kichwa kinaniuma tangu niingie humu," alisema Maulida. "Nikadhani ni hofu ya harusi."

Yusuph ndiye aliyeeleza. Adija alimsikiliza mpaka mwisho, akaingiza kichwa ndani ya gari, akanusa. Alipokitoa hakunitania. Aliketi chini, kwenye vumbi, na doti lake jipya la kanga, akaishika mikono yangu kwa ncha za vidole.

"Vioo nilivipandisha mwenyewe," alisema. "Kimoja kimoja. Nilitaka anukie."